Bi Mseto na Kliniki ya Jioni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha mbinu za utafiti katika Idara yetu ya Sayansi ya Jamii, dada yetu mpendwa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Humu idarani tunamwita Bi Mseto, na yeye huitika bila kinyongo.

Alipoajiriwa, idara ilikuwa na kambi mbili. Watu wa takwimu walikaa dirishani, watu wa mahojiano mlangoni, na kila kambi iliona nyingine inapoteza muda. Yeye alivuta kiti akakaa katikati, akaanza kuwachokoza wote. Wanafunzi aliwarahisishia mambo: unaweza kuhesabu kwanza, kisha ukaenda kuuliza sababu, unaweza kuwasikiliza watu kwanza, ndipo utunge maswali ya hojaji, au ufanye yote sambamba na kulinganisha majibu. Aliyetaka kujua ipi ni bora alirudishiwa swali: kwani wewe unatafuta nini? Wengi walitoka darasani wakikuna kichwa, na walifaulu.

Kazi tunayomkumbukia zaidi ni ile ya kliniki ya jioni ya wajawazito, ambayo manispaa ilitaka kuifunga. Tuliombwa kuchunguza kama inahitajika, nasi tukaenda sambamba: hojaji majumbani, mahojiano klinikini. Hojaji zikasema wanawake hawaihitaji. Mahojiano yakasema wanaitegemea. Ripoti ilikuwa inasubiriwa, na wakubwa wakashauri mahojiano yawekwe kando, maana waliojaza hojaji walikuwa wengi zaidi. Bi Mseto akagoma katakata. Alisema majibu yakigombana, kazi yetu ni kujua yamegombea nini.

Akavaa raba zake, akarudi kwenye nyumba zile zile. Kumbe hojaji zilijazwa sebuleni, mama mkwe yuko pembeni ametega sikio. Mke gani wa mwanawe angekiri mbele yake kwamba jioni, wakati wa kupika, yeye huenda kliniki? Sisi wataalamu wa kuuliza tulisahau kuuliza nani mwingine yumo chumbani. Hojaji zikarudiwa faraghani, majibu yakageuka, na kliniki ikabaki wazi.

Tusimpambe kupita kiasi. Chai ya wenzake huinywa bila kuomba, na hatukumbuki mhadhara wake hata mmoja uliokwisha kwa wakati. Hata hivyo, ukimletea rasimu mbovu, anakaa nawe mpaka isimame, na hakutangazi.

Mimi niliyeandika haya nina shukrani yangu ya pekee. Mwaka juzi binti yangu, akiwa mjamzito, alipitia kliniki ile akitoka kazini, akidhani ana uchovu tu. Wakampima presha, wakampeleka hospitali moja kwa moja. Leo mjukuu wangu anakimbia nyumba nzima na kuvunja vikombe vyetu.

Dada, asante. Sote idarani tunakuombea afya, usingizi mzuri na furaha nyumbani kwako. Jumapili usitoke, namleta umwone.