Mama Tomasi, Mke wa Mbuba na Binti wa Nyakahura

Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Mbuba, na ninyi mliotoka Nyakahura tangu alfajiri, poleni na safari na poleni na msiba. Familia imempa Anneth, binti wa marehemu, kazi ya kusoma maneno haya, na akishindwa katikati mdogo wake Pius atayapokea.

Marehemu Christina Chen Yulan, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tomasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 katika kijiji kimoja cha jimbo la Hunan, nchini China, akiwa binti pekee wa Mzee Chen Guoliang, akasoma hukohuko, kisha mwaka 1979 akaenda mji wa Nanjing kujifunza ushonaji, kazi aliyoishika mpaka vidole vilipokataa.

Huko Nanjing, majira ya baridi ya mwaka 1985, mwanafunzi wa kilimo kutoka Mbuba, Anatoli Pancras, alimletea koti lipunguzwe mikono, na baada ya siku tatu akalirudisha koti lilelile lirefushwe, na fundi akaelewa kwamba tatizo halikuwa koti. Walifunga ndoa ya serikali tarehe 20 Juni 1988, wakafika Ngara mwezi Septemba, marehemu akiwa amepakata kichwa cha cherehani njia nzima kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu baba yake alimwandikia kwamba hana binti Afrika, na Mzee Pancras, baba mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema waziwazi kwamba mwanamke ambaye hakuna aliyemtoa wala aliyepokea mahari yake ni mgeni, atakula vizuri, ataheshimiwa, lakini akifa hatalala katika makaburi ya ukoo. Marehemu aliitikia kwa adabu, akaendelea kushona sare za shule pale sokoni Kanazi. Lakini tarehe 11 Mei 1990 mtoto wake wa kwanza, Tomasi, alifariki kwa malaria akiwa na miezi minane, akazikwa hapa nyuma ya migomba, na tangu siku hiyo mama alijua kwamba pembeni ya mwanawe pana nafasi isiyo yake. Hilo lilimuuma kuliko hata barua ya baba yake.

Mwezi Agosti 1996, Mzee Ndassa Mashimba, mfugaji aliyehamia Nyakahura kutoka Shinyanga, alimleta binti yake kupimwa gauni la harusi, akamkuta fundi analia huku tepu ikining'inia shingoni, akauliza, akaelezwa yote. Alicheka kwanza, maana ndivyo alivyokuwa, kisha akasema kwamba binti mmoja zaidi nyumbani kwake hawezi kukosa ugali. Akamchukua, akamkalisha kwa mkewe Secilia wiki nzima, akatuma ujumbe Mbuba kwamba mwenye kumtaka binti yake aje kwa adabu. Mzee Pancras alikwenda, akatajiwa ng'ombe sita, wakabishana mpaka pombe ikaisha, wakakubaliana wawili na mbuzi, na Jumamosi tarehe 14 Septemba marehemu alitolewa Nyakahura kwa vigelegele, ndoa ikabarikiwa kanisani, na maua yakabebwa na binti yake Anneth, mwenye miaka minne.

Baada ya Anneth walizaliwa Pius na Melania, na wajukuu wako saba. Mzee Anatoli alipotangulia mwaka 2015, mama ndiye aliyeushika mji huu, hakuna shamba lililouzwa, hakuna mjukuu aliyeacha shule, wala hakuna mkwe aliyeingia bila kukaguliwa pindo la nguo yake.

Alianza kuugua figo mwaka 2022, akatibiwa Ngara na baadaye Mwanza, ambako alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mikononi mwa Melania. Wiki ya mwisho alizungumza Kichina kitupu, wanawe wakawa wanaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, bila kuelewa hata neno moja, na jambo hilo litawauma siku zote.

Juzi, katika kikao cha ukoo, mzee mmoja ambaye amekwisha kusamehewa aliuliza kama baba wa kujitolea ni baba, na kama kaburi lichimbwe hapa. Mashimba, mtoto mkubwa wa hayati Mzee Ndassa, alisimama, akasema kwamba kama marehemu si dada yake, basi shikamoo zote alizopokea kwa watoto hawa kwa miaka ishirini na minane azirudishe moja moja, na kikao kijiandae kukaa, maana ni nyingi. Wazee walicheka, kisha wengine wakalia, na vijana wakakabidhiwa majembe. Kaburi liko tayari, pembeni ya Tomasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngara na Mwanza, majirani kwa kuni, maji na kukesha, mafundi wenzake wa Kanazi waliofunga vibanda vyao leo, na ukoo wa Mzee Ndassa, ambao ndio watakaotangulia kutupa udongo, kama wazazi wanavyomtoa binti yao.

Lala salama, mama. Hapa ni kwako.