Siku Baba Mkwe Alipoketi Kando Yangu

Wamama wenzangu, na nyinyi wazee wawili mliojibana pale mlangoni, ingieni ndani, hatuli mtu. Nimeambiwa niongee polepole. Sitaweza. Haya mambo bado yananichoma.

Mzee wangu alikuwa polisi. Wezi wa ng'ombe walimpiga risasi mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Siku ya mazishi, kwao upande wa Butere, wakubwa wake walipiga saluti, wakaniita mke wa shujaa. Mwezi haujaisha, wakanifukuza kwa nyumba za polisi, mimi na watoto watatu na godoro, mvua ikinyesha. Shujaa gani huyo ambaye watoto wake wanalala nje? Nikakodi chumba hapa Shirere, nikaanza kuuza mandazi.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Siku ya kunyoa, baada ya mazishi, ukoo unakaa na kusema mali ya marehemu inaenda kwa nani. Ng'ombe kwa huyu, baiskeli kwa yule. Shemeji yangu akasimama, akasema pensheni ataishika yeye. Pensheni! Kama mtu anayegawiwa jogoo! Nami nikanyamaza, maana mjane haongeangi siku hiyo.

Kumbe shemeji alishapita ofisi ya pensheni. Nilipofika, karani akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama, ndugu ya marehemu anasema wewe ulikuwa tu rafiki yake wa kule kambini. Cheti cha ndoa kiko wapi?" Cheti! Sisi tulioana kwa ng'ombe. "Basi aliyelipa hao ng'ombe aje mwenyewe kabla ya Jumatatu kuisha. La sivyo tutaandika jina la ndugu." Akarudi kwa chai yake. Rafiki wa kambini, mimi niliyekuwa nikipiga pasi ile yunifomu kila asubuhi!

Aliyelipa ni baba mkwe. Kwetu mke wa mtoto hakaribiani na baba mkwe. Hamsalimiani kwa mkono, hamketi pamoja, na ukimwona njiani unajificha kwa miwa. Maneno yangu kwake yalipitia mama mkwe, naye alikuwa ameshakufa. Sasa nimtume nani? Shemeji?

Nilienda mwenyewe. Nikamkuta akipalilia mahindi. Nikasimama ng'ambo ya ua, nikampa mgongo nisimtazame, nikasema yote huku nikilia kwa hasira. "Baba, mtoto wako anasema mimi si mke. Watoto wamefukuzwa shule. Jumatatu wanampa yeye haki yao. Kama na wewe unaona hivyo, niambie nirudi kwetu." Nilisikia tu jembe limenyamaza. Nikaondoka nikijua nimekosa adabu na pensheni pia nimekosa.

Jumatatu niko kwa benchi la ofisi, mzee akaingia na koti lake la mazishi. Shemeji akaruka kumpisha kiti. Mzee akampita. Akaja akaketi kando yangu, bega kwa bega. Wamama, shemeji alishika mdomo!

"Ng'ombe nilipeleka mimi," akamwambia karani. "Huyu ni mke wa mtoto wangu. Nimevunja mwiko kwa sababu nyinyi hamna aibu. Sasa andika."

Karani akaandika. Nilizungushwa sana hata baada ya hapo, njoo kesho, njoo kesho, lakini pesa zilitoka kwa jina langu na watoto wakarudi darasani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani aliyenikopesha unga wa obusuma, ugali wetu, na wewe mama mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wajane uliyenisindikiza kila nilipoitwa. Zaidi ya wote namshukuru yule mzee. Na nyinyi wajane wenzangu, nawaambia msinyamaze kama mimi. Hata yule mliyekatazwa kumkaribia, mwendeeni.

Mnajua ukoo ulifanya nini? Walimtoza mzee kondoo kwa kuketi na mimi. Shemeji aliyetaka kula chakula cha mayatima hawakumtoza hata kuku. Hiyo desturi mimi naikataa. Siku ukoo wa mmoja wenu utakapokaa kunyoa, niiteni. Nitasimama niikatae mbele yao.