Ofisi Ilipohamia Kando ya Kitanda Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, kwa ajili ya wale wa viti vya nyuma walioitikia nusu mdomo. Nawajua, hata mimi huketi huko.

Mimi ni Kemunto wa hapa juu Manga, yule mnayemwita "mtu wa simu". Msiinamishe vichwa, nilisikia.

Kabla ya korona nilikuwa Nairobi, katika kampuni ya kuuza matangi ya maji. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja. Tangi linavuja, tangi halijafika, tangi limefika lakini si rangi aliyotaka. Tulikuwa watu kumi na wanane katika chumba kimoja, na kila siku niliomba: Bwana, nitoe katika kelele za hawa watu! Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikialikwa harusi, nafurahi mvua ikinyesha.

Ndugu zangu, chungeni maombi yenu! Ugonjwa ulikuja, tukatumwa nyumbani kila mtu na kompyuta yake. Ulipotulia, meneja akasema hakuna haja ya kulipia jengo tena, kila mtu afanyie kazi alipo. Watu walikuwa wakibishana redioni kama biashara zitahama miji mikubwa. Mimi jibu nilikuwa nalo: moja ilikuwa imeshahamia kando ya kitanda changu. Nikafunga virago, nikarudi kwa nyumba ya marehemu mama. Nikasema, nimefika Kanaani.

Kanaani ilikuwa na jogoo. Mteja wa Nairobi akisikia jogoo anadhani kampuni ni ya matapeli. Basi nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nikatundika blanketi ukutani, na kutwa nzima nikawa naongea kwa sauti tamu ambayo mama yangu hakuwahi kuisikia. "Asante kwa kutupigia, unaongea na Kemunto, nikusaidie vipi?" Jirani aliniambia baadaye kwamba walikuwa wananiombea. Walidhani kichwa kimeharibika.

Sasa, mama alikuwa katika egesangio, kikundi cha akina mama cha kulimiana kwa zamu: leo wote kwako, wiki ijayo wote kwa mwenzako, mpaka mzunguko uishe. Alipofariki hawakuziba nafasi yake. Kiongozi wao, Mama Nyaboke, alikuja mpaka mlangoni kwangu. "Moiseke, palizi inaanza Jumanne. Nafasi ya mama yako ipo." Mimi na miaka thelathini na tisa, naitwa msichana! Nilifurahi. Lakini Jumanne kuna simu za wateja. Basi nikafanya kama mtu wa Nairobi: nikatafuta kibarua sokoni, nikamtuma na jembe la mama. Jumanne iliyofuata, hivyo hivyo. Na nyingine. Kazi si imefanyika? Tena yule kibarua analima kuliko mimi.

Zamu ya shamba langu ikafika. Niliomba ruhusa ya siku nzima, mara ya kwanza tangu nirudi. Nikasonga ugali wa wimbi, nikapika mboga za chinsaga kwa maziwa, nikaosha vikombe vya mama. Nikasimama uani kuwasubiri.

Wakaja wanaume tisa nisiowajua hata mmoja. Kila mama alikuwa ametuma kibarua.

Hakuna aliyenigombeza, ndugu zangu. Hakuna aliyenitukana. Walinipimia kwa kipimo changu, basi. Wale wanaume walilima haraka, wakala kimya, mmoja akauliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Aa," akaendelea kula. Walipoondoka nilijaribu kukumbuka ni lini mtu alisimama mbele yangu akaniita kwa jina langu. Sikukumbuka! Nililia pale jikoni, na simu ya kazi nilikuwa nimeizima, hata mtu wa kunililia juu ya tangi sikuwa naye.

Hapo ndipo nilipoomba kinyume. Bwana, ulinitoa kwa watu, nirudishe kwa watu! Hakunijibu kwa ndoto wala kwa malaika. Alinijibu kwa aibu, na aibu ikanisukuma.

Nikampigia meneja kuomba asubuhi za Jumanne. "Kemunto," akasema, "wenzako wanaomba kupandishwa cheo, wewe unaomba kwenda kulima?" Akakubali kwa kunikata mshahara, akaniambia nisimwombe kitu kingine mwaka huu.

Palizi ya pili ilianzia kwa Mama Nyaboke. Nikaenda mwenyewe. Wakaniangalia, hakuna aliyenionyesha mstari. Nikashika wa mwisho, kwenye mteremko wenye mawe. Kufikia saa nne nilikuwa nimekata mahindi matatu na gugu moja. Mama Nyaboke akaja akanisimamia.

"Hayo mahindi yamekukosea nini?"

"Nisamehe, mama."

"Yaambie basi, 'Asante kwa kutupigia! Nikusaidie vipi?'"

Aliiga sauti yangu mpaka akina mama wakashika viuno kwa kicheko. Nami nikacheka. Sijawahi kuchekwa nikasikia utamu namna hiyo! Kisha akanishika mikono akaigeuza kwenye mpini. "Hivi, Kemunto. Hivi."

Ndugu zangu, zamu ya shamba langu ni Jumanne hii inayokuja. Niliwauliza kama watakuja wenyewe. Mama Nyaboke akajibu, "Tutaona." Wengine hushuhudia wakishapona kabisa. Mimi bado jioni zangu ni ndefu, bado nakula peke yangu, lakini nimeona nisingoje. Nasikia meneja anatafuta jengo tena mjini. Biashara zitakaa wapi, sijui. Najua Yesu alinikuta nyuma ya mlango niliojifungia mwenyewe, akanitoa. Asante Bwana!

Na wewe uliyejifungia ukasema hiyo ni amani, mwamini leo. Toka kabla hujajua kama utapokelewa. Mimi Jumanne nitaanza kulima saa kumi na mbili, mtu awepo asiwepo. Akija mama mmoja kwa miguu yake, nitasema amina. Wasipokuja, Jumanne itakayofuata ni zamu ya Moraa, mwenzetu wa egesangio, na mtanikuta kwake nimeinama.