Hyasinta Martini, Aliyebisha Hodi Kila Sikukuu

Baba Paroko, Mzee Swalehe na wenzako wa msikitini, ndugu zetu kutoka Endulen, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Wilibrodi Hilary, mtoto wa kwanza wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, ingawa mengine nitakayosema ni ya kwangu mwenyewe.

Mama yetu, Hyasinta Martini Tluway, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 huko Oldeani, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Martini, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaishia hapo kwa sababu nafasi ya kuendelea walipewa kaka zake, jambo ambalo hakulisamehe upesi.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi hospitalini Endulen, na huko alizoeana na Mzee Parmuat, mfugaji ambaye hadi leo hajabatizwa, na mama alipomuuliza ampelekee salamu siku gani, maana yeye hana Krismasi wala Idi, mzee alijibu kwamba heri yake ni siku ng'ombe wanaporudi wameshiba, basi tangu hapo kila mvua za kwanza zilipootesha malisho, mama alimpelekea sukari na salamu ya "heri ya majani", hata baada ya kuhama.

Tarehe 10 Juni 1978 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, marehemu Hilary Bura, wakajaliwa watoto wanne, Wilibrodi, Selina, Joseph na Felista, na mwaka 1989 walihamia hapa Karatu, mama akafanya kazi zahanati hadi alipostaafu mwaka 2011.

Jirani yetu wa kwanza hapa alikuwa Mzee Swalehe, fundi baiskeli, mzaliwa wa Kondoa, na kwa Krismasi tatu mfululizo mama aliwapelekea yeye na familia yake bakuli la nyama ya mbuzi aliyechinjwa na baba, wakapokea kwa mikono miwili na kushukuru, mpaka Krismasi ya 1992 alipowakuta vibarua wa ujenzi wakiila nyama ile katika bakuli lake, ndipo alipoelewa kwamba hajawahi kuwalisha majirani zake hata kipande kimoja. Wao walikuwa wamenyamaza wasimwaibishe, yeye hakunyamaza, alikwenda siku hiyohiyo kuomba radhi, na kuanzia mwaka uliofuata mbuzi wetu alichinjwa na Mzee Swalehe, ingawa baba alinung'unika akiuliza kama kisu chake kina ukoma.

Sasa nifike pangu. Mwaka 2019, nilipojiunga na kikundi cha maombi huko Arusha, nilirudi nyumbani nikamkataza mama kusalimia sikukuu za wengine, nikasema anachanganya imani, naye akanisikiliza hadi mwisho, akajibu, "Wilibrodi, rozari yangu naijua, na jirani yangu namjua, wewe unamjua nani?", akajitanda khanga akatoka.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika kuwa na tatizo la moyo kutanuka, akakatazwa kupanda vilima, na Idi ya tarehe 31 Machi mwaka huu nilikataa kumpeleka kwa gari kwa Mzee Swalehe, ambaye sasa anaishi kule juu kwa mwanawe, nikidhani mama atakata tamaa. Alishika fimbo akapanda kwa miguu, akapumzika mara nne, mimi nikimfuata nyuma na gari polepole kwa hofu na kiburi, na alipobisha hodi akakaribishwa ndani, nilibaki nje nimefunga vioo. Naona aibu kulisema hili, lakini yeye asingekubali historia yake isomwe kwa uongo.

Tarehe 20 Mei alizidiwa, akalazwa hapa Karatu, na Jumanne tarehe 27 Mei 2025, saa nne asubuhi, alituaga akiwa na umri wa miaka 73, ameacha watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wa Endulen na wa zahanati, jumuiya yake, na majirani mliokesha nasi bila kuulizana dini.

Mzee Swalehe, Jumamosi ijayo ni Idi, na mama hatakuja. Nitakuja mimi, naomba unifungulie.

Mama, kazi yako tumeiona, pumzika kwa amani.