Mama Utando na Dawa Isiyohitaji Maji

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Utando, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ufamasia. Walimu waliandika kwamba ana bidii ila haambiliki. Hawakukosea.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha dawa, chumba cha vidonge. Mwaka 1994 baba yake alipata kiharusi. Vidonge vilimpalia, akawa anavificha chini ya godoro, na binti yake huyu akavikuta arobaini na kimoja. Tangu hapo alitafuta dawa isiyotaka maji wala kumezwa: utando mwembamba, kipande cha ukubwa wa stempu, unaoyeyuka juu ya ulimi. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ulinata, wa tatu ulikuwa mchungu kama shubiri. Baba alifariki mwaka 1996, utando haujapatikana. Jambo hilo lilimuuma sana. Kiwanda kiliupitisha mwaka 2011, ukiwa na dawa ya kuzuia kutapika.

Alikuwa amefunga ndoa mwaka 1983 na mwalimu wa hesabu. Miaka yote ya majaribio, jioni aliweka ulimini tando zisizo na dawa. Mume alishika saa, naye aliinua kidole utando ukiisha. Ukizidi nusu dakika, kazi ilianza upya. "Nyumba ile," mume husema, "nusu dakika hiyo ndiyo niliyoongea bila kukatizwa."

Mwaka 2023 aliugua saratani ya koo, hata maji yakawa hayapiti. Daktari alimwandikia utando uleule. Muuguzi, kwa nidhamu yake, alinawa mikono akaja nayo ingali na maji. Utando ukamyeyukia kidoleni.

"Kausha mikono, mwanangu," mgonjwa alinong'ona. "Si imeandikwa kwenye pakiti? Niliandika mimi."

Kipande cha pili alikiweka mume, akashika saa. Sekunde ishirini na nne, kidole kikainuka.

"Baba angeiweza hii," alisema, akalia.

Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2024 mume alimwekea kingine, akahesabu. Alifika thelathini, akaendelea hadi mia. Kidole hakikuinuka.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Apumzike salama Mama Utando, bila kushikiwa saa.