Kipindi Hurudiwa Saa Sita

ONDIEK: Haloo? Nani mwenzangu?

ROSELINE: Dada yako. Nimetumia simu ya Njoki, jirani, maana simu yangu hushiki.

ONDIEK: Rose, niko kazi. Huku kiwandani Indaa supavaiza ako—

ROSELINE: Saa mbili ulikuwa redioni, sasa ndio uko na kazi?

ONDIEK: Kwani ulisikiza?

ROSELINE: Ploti nzima ilisikiza. Mama alifungua redio mpaka mwisho, kama kila Jumanne. Mtoto wake anachambua habari za Amerika.

ONDIEK: Na si nilichambua poa—

ROSELINE: Ulisema Wamarekani walifanya vizuri kufunga mfuko wa kliniki. Ukasema sisi tuliokuwa tukifanya kazi huko tulilipwa kulala. Miaka tisa, Ondiek. Nilifutwa kazi kwa meseji nikiwa na mgonjwa mbele yangu.

ONDIEK: Sikukutaja. Niliongelea serikali. Watu wapige kura Amerika, mtu wa Kayole akose dawa? Hiyo ni nchi? Lazima tujisimamie.

ROSELINE: Hapo uko sawa. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini hukuishia hapo.

ONDIEK: Niliishia wapi?

ROSELINE: Wanaomeza ARV, dawa za ukimwi, uliwaita kuku wa gredi, wamezoea kulishwa. Halafu ukacheka.

ONDIEK: Hiyo ni redio, Rose. Lazima watu wachangamke.

ROSELINE: Hapa hakuna aliyechangamka.

[Mtandao unakwaruza.]

ONDIEK: Haloo? Skiza, kama ni hasira za kufutwa, usinimwagie mimi—

ROSELINE: Leo Mama alikuwa aende Makadara. Alikuwa amevaa tayari. Baada ya wewe kuongea amevua viatu, amerudi kitandani, anasema haendi tena.

ONDIEK: Si ni kesi tu? Wakili ataomba tarehe ingine.

ROSELINE: Kesi gani?

ONDIEK: Ya shamba la buda wetu. Si ndio humpeleka kortini?

ROSELINE: Hiyo kesi iliisha mwaka ule ulipomaliza fom foo.



ONDIEK: Sasa huwa anaenda kufanya nini huko?

ROSELINE: Kuchukua dawa. Kwa kliniki ya hapa Kayole angeonekana na majirani. Ndio maana huenda mbali.

ONDIEK: Rose.

ROSELINE: Tangu tumzike Baba.

ONDIEK: Mbona hamkuniambia?

ROSELINE: Tukuambie wewe, unavyoongea? Leo ameniuliza, "Kumbe hata yeye ananiona hivyo?"

ONDIEK: Amebaki na dawa?

ROSELINE: Za jana zilikuwa za mwisho. Na hiyo kliniki siku hizi ina nesi mmoja, anafunga saa saba.

ONDIEK: Nakuja nimpeleke.

ROSELINE: Usikuje. Hajui nimekuambia. Ukimtokea hapa na huo uso, hatoki kwa nyumba.

ONDIEK: Sasa mnataka nifanye nini? Mnanificha miaka yote hii, halafu mimi ndio mbaya—

ROSELINE: Ndio, wewe. Usizungushe.

[Lori linapiga honi.]

ONDIEK: Rose... hicho kipindi hurudiwa. Saa sita.

ROSELINE: Leo?

ONDIEK: Kila Jumanne.

ROSELINE: Na redio iko kando ya kitanda. Wapigie simu wakitoe.

ONDIEK: Wataniuliza sababu.

ROSELINE: Ndio. Watakuuliza.



ONDIEK: Nitaenda huko redioni. Niombe dakika mbili hewani, niseme mwenyewe.

ROSELINE: Useme nini? Ukimtaja Mama, naapa—

ONDIEK: Simtaji. Nitasema niliwacheka watu nikidhani siwajui. Usizime redio.

ROSELINE: Na supavaiza?

ONDIEK: Nishavua ovaroli.

ROSELINE: Salio la Njoki linaisha. Ondiek, usiweke Sheng nyingi, Mama haskii viz—

[Simu inakatika.]