Santuri Iliyovunja Uchumba

Kwenye basi la kutoka Dudley kwenda Birmingham, mzee mwenye koti la ngozi alikuwa amepakata santuri ya zamani ya bendi ya Anvil Street kama mtu aliyepakata mjukuu. Mama mwenye mvi aliyekaa naye akaitazama kwa jicho baya.

"Hiyo waliirekodi baada ya kumfukuza mwimbaji wao, Royston," akasema. "Sisi mashabiki tuliapa hatutaisikiliza."

"Na hukuisikiliza?"

"Nimekwambia tuliapa."

Mzee akacheka. "Kwa hiyo dada, miaka arobaini unachukia kitu usichokijua."

"Nilivunja uchumba kwa ajili ya santuri hiyo. Mchumba wangu Barry aliinunua siku ilipotoka, nikamrudishia pete yake palepale dukani."

Hapo nami, niliyekaa nyuma yao, nikaacha kujifanya nasoma gazeti.

Mzee akatafuta nyimbo zenyewe kwenye simu, akampa hedifoni ya sikio moja. Mama akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Akabonyeza kengele ya kushuka. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu, akalishika goti kuutuliza.

"Unaionaje?"

"Mbaya sana."

"Mbona mguu unasema vingine?"

"Mguu haukuchumbiwa na Barry. Zima, bwana. Hebu ngoja, acha wimbo uishe kwanza."

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Dereva akamtazama kwenye kioo akisubiri. Mama hakunyanyuka.

"Basi niambie," akamwomba mzee, "kwamba upande wa pili wa santuri ni mbovu."